Mvutano wa Waya, Msongo wa Umeme

Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, ina stesheni kwenye reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928, na sasa iko kwenye njia ya reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliyosanifiwa kwa treni za umeme. Kazi ya kujenga reli ya namna hiyo haikwepi neno la Kiingereza tension, lenye asili ya Kilatini, tendere, yaani kunyoosha. Kiswahili kimeligawa: waya una mvutano, umeme una msongo. Wapo wanaoiona hiyo kuwa vurugu ya istilahi. Kwangu mimi, mgawanyo huo ni sahihi na unafaa kulindwa.

Chukua waya wa juu ya njia ya treni. Jua la mchana huurefusha, baridi ya usiku huufupisha. Ukilegea, mkono wa treni unaopokea umeme hautaugusa sawasawa. Kwa hiyo mafundi huning'iniza vyuma vizito mwishoni mwa kipande cha waya, kupitia kapi: waya ukirefuka vyuma hushuka na kuukaza, ukifupika hupanda. Huo ndio mvutano, pande mbili zikigombea kitu kimoja. Ndani ya waya huohuo, kwa kipimo cha SGR ya Tanzania, umo umeme wa volti 25,000, na volti ni msukumo unaoufanya mkondo upite. Zima umeme: volti zinaisha, waya unabaki umekazwa vilevile. Vitu viwili, basi, na shirika la umeme, TANESCO, linaposema njia ya msongo mkubwa linasema jambo la kweli.

Mtu atauliza: mbona Wafaransa huziita volti zenyewe tension, na mambo yao yanakwenda? Yanakwenda kwa sababu fundi anajua anachopima. Msomaji wa kawaida hana kipimo mkononi, ana neno tu. Na tofauti hiyo inamfaa hata nje ya umeme. Wakulima wa pamba wa Maswa na wanunuzi wasipoelewana bei, huo ni mvutano, maana kuna pande mbili na zinaweza kukaa mezani. Mkulima huyohuyo akikosa usingizi kwa deni la pembejeo na ada ya shule, ana msongo wa mawazo: mambo yamemsonga yeye peke yake, na hakuna mpinzani wa kusuluhishwa naye. Hata mvutano wa nafsi, ambao wengine watautaja kunipinga, una matamanio mawili yanayoshindana. Gazeti linaloandika "msongo" pale penye ugomvi wa bei linamficha mnunuzi.