Antena ya Televisheni: Namna ya Kupata Picha Safi Chini ya Mlima

Mkulima, labda umeweka akiba ya pesa za maziwa kwa miezi mingi, ukanunua televisheni, kisha ukaona picha inakatika vipande vipande na sauti inakwama. Kabla hujanunua mashini nyingine, iangalie antena yako. Mara nyingi ugonjwa uko huko, na dawa yake ni bei rahisi.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Katika mtindo wa zamani, wimbi likidhoofu ulionekana chenga, lakini mtu aliendelea kutazama. Mtindo huo ulizimwa mwaka 2015. Mtindo wa dijitali hauna chenga: wimbi likitosha, picha ni safi, likipungua kidogo tu, picha inasimama au inapotea kabisa. Kwa sababu hiyo antena iliyowekwa ovyo haisamehewi.

Yafaa ujue pia kwamba mawimbi haya husafiri karibu kama mwanga, yaani kwa mstari ulionyoka. Sisi wa Kieni, Mweiga na Naro Moru tunakaa kati ya milima miwili mikubwa: Mlima Kenya wenye mita 5,199 upande mmoja, na Aberdare upande wa pili. Shamba lililo bondeni huwa katika kivuli cha kilima, na jirani aliye juu ya ukingo hupata picha bila taabu. Basi fanya hivi:

1. Chagua mahali. Weka antena nje ya nyumba, mita moja au zaidi juu ya mabati, kwa maana mabati huzuia mawimbi. Usiielekeze kwenye mikaratusi. Majani yaliyolowa mvua hupunguza wimbi.

2. Tumia antena ifaayo. Mawimbi ya dijitali yana urefu wa sentimeta 43 hadi 64 hivi, na kwa hiyo vijiti vya antena yake ni vifupi. Antena ya zamani yenye vijiti virefu sana haifai.

3. Tazama za majirani. Ncha ya mbele ielekee upande zinakoelekea antena za majirani wanaopata picha njema. Vijiti vyao vikilala, na vyako vilale. Vikisimama, na vyako visimame.

4. Geuza polepole. Mtu mmoja ashike mlingoti, wa pili atazame kwenye king'amuzi mistari miwili: nguvu na ubora wa wimbi. Geuza kidogo, ngoja sekunde chache, kisha geuza tena. Ufuate zaidi ubora. Ukikosa, sogeza mlingoti nusu mita kando au uupandishe. Hatua ndogo hiyo yaweza kubadili mambo. Ukipata, kaza nati, kisha uamuru king'amuzi kitafute stesheni upya.

5. Chunga waya. Waya wa kawaida wa mita 15 waweza kupoteza karibu nusu ya nguvu, basi usinunue mrefu kuliko unavyohitaji. Kwenye kiungo, unywele mmoja wa wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, picha hupotea. Funga viungo vya nje kwa utepe wa mpira, na kabla waya haujaingia nyumbani uache uning'inie chini kidogo ili maji ya mvua yadondoke nje.

6. Busta ije mwisho. Chombo hiki hakizai wimbi. Hukuza lililopo pamoja na takataka zake. Kikihitajika, kifungwe juu karibu na antena, si nyuma ya televisheni. Aliye karibu na mnara wa kurushia asikinunue, maana wimbi likizidi huharibu picha vilevile.

Ukisafiri kwa gari kupeleka ng'ombe kwenye Maonyesho ya Kilimo ya Kabiru-ini, na ukalala huko na televisheni ndogo ya betri ya volti 12, kanuni ni zile zile. Bodi ya gari ni chuma, kwa hiyo antena ya ndani haitapata kitu. Funga antena juu ya mti mrefu kando ya gari au hema, na uielekeze upya, kwa sababu upande uliofaa nyumbani haufai lazima huko.

Sasa jambo lililo kubwa kuliko picha: uhai wako. Usisimamishe mlingoti karibu na nyaya za stima. Umbali uzidi mara mbili ya urefu wa mlingoti, ili ukianguka usiguse. Chuma kikigusa waya wa stima, anayekishika hufa. Usipande juu ya paa wakati wa mvua, wala ukisikia radi. Katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, chomoa waya wa antena na wa umeme kabla radi haijakaribia. Radi ikiwa juu yako, usiguse waya wowote. Mlingoti wa chuma uunganishwe na ardhi na fundi ajuaye kazi yake.

Shika utaratibu huu: mahali, upande, waya, kisha busta. Mwenye kuanza na busta hutupa pesa ambazo zingenunua chakula cha ng'ombe. Picha ikishatulia, ita familia yote mtazame mafunzo ya kilimo na habari za mvua, na yaliyo ya faida myafanye shambani.