Riziki ya Ndege wa Tunduni

Kasuku wadogo wa kijani, wenye uso wa rangi ya machungwa na pete nyeupe machoni, ambao wafugaji wa huku Mapinga, pwani, huwatundika barazani wakidhani ni wageni kutoka ng'ambo, asili yao ni nyanda za kaskazini mwa Tanzania yetu hii hii, kuanzia Serengeti hadi kusini ya Ziwa Victoria. Na jina lao la kitaalamu, Agapornis fischeri, walipewa mwaka 1887 kwa heshima ya Gustav Fischer, msafiri wa Kijerumani. Biashara ya ndege ilipopamba moto katika miaka ya 1980, waliuzwa ughaibuni kwa maelfu kwa maelfu. (Atakaye kumfuga aliyetoka porini hana budi kuwa na kibali cha serikali.)

Huko kwao hakuna awatiliaye bakuli. Hushuka ardhini wakaokota mbegu za majani, hupanda migungani, hutafuta matunda madogo, na mtama ukikomaa humtia mkulima hasara. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchana huishia katika kuitafuta riziki, na akili ya ndege huyu iliumbwa kwa kazi hiyo. Nasi twamfungia, twamjazia alizeti, ambayo karibu nusu ya kiini chake ni mafuta, halafu twastaajabu anenepapo, ini likaharibika, au akaanza kujinyonyoa manyoya kwa ukiwa.

Nafaka si haramu kwake, ila zisiwe ndiyo chakula chote. Mtama, uwele na ulezi vyatosha kuwa msingi, alizeti ikawa tunu ya punje chache. Kisha kila siku apate mchicha, matembele au majani ya mlonge, pamoja na vipande vya boga na karoti, kwa sababu mbegu tupu hazina vitamini A ya kutosha. Madini ya chokaa yanapatikana pwani bila gharama: gamba jeupe la dome lililotupwa na mawimbi, likaoshwa kwa maji baridi na kuanikwa juani hata likakauka kabisa. Karanga zenye ukungu zisimkaribie, maana zina sumukuvu. Na parachichi, ingawa kwetu ni neema, kwa ndege ni sumu.

Ama namna ya kumtafutisha, vifaa vimetuzunguka. Chukua kifuu cha nazi, kitoboe matundu mawili matatu yanayopitisha mdomo wake, kijaze makumbi, uchanganye punje ndani, kisha ukitundike. Atayachambua makumbi uzi kwa uzi, na huenda jike akazibeba nyuzi mdomoni kwenda kujengea kiota. Masuke mazima ya uwele yaliyofungwa juu ya tundu, na mchicha uliopenyezwa baina ya vyuma, hutenda kazi hiyo hiyo.

Hadhari moja haina budi kutajwa. Ndege hawa humenya mbegu na kuliacha kumvi bakulini, hata mwenye nyumba akipita huona bakuli limejaa ilhali ni makapi matupu; basi lipulizwe kila asubuhi. Aidha, asiyezoea kutafuta afundishwe taratibu, bakuli lipunguzwe kidogo kidogo, wala lisiondolewe kwa ghafula, kwani kiumbe wa gramu 50 hivi hastahimili kufunga hata siku mbili.