Taya la mgonjwa wa figo likivimba: Si kila uvimbe wa mfupa ni saratani

Ndugu msomaji, wengi wetu tukisikia fulani ana maradhi ya figo, mawazo hukimbilia kwenye miguu kuvimba, mkojo kupungua na presha kupanda. Ni wachache wanaofahamu kuwa figo zilizochoka kwa muda mrefu huharibu pia mifupa, hata taya likavimba, meno yakalegea, na mtu akavunjika paja kwa kujikwaa tu. Katika safu yetu ya leo tutaangalia tatizo hili, kwa sababu uvimbe unaotokana nalo umewahi kudhaniwa kuwa ni saratani, na tiba ya mambo haya mawili haifanani hata kidogo.

Tezi ndogo zenye kazi kubwa

Mbele ya shingo ya mwanadamu ipo tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba watu husema ni rovu au goita. Nyuma yake zimejibanza tezi nyingine ndogo sana, kwa kawaida nne, kila moja ikiwa na ukubwa wa punje ya mchele. Hizi huitwa tezi za parathairoidi. Aliyezieleza kwa binadamu kwa mara ya kwanza ni Ivar Sandström wa Uppsala, nchini Sweden, mwaka 1880.

Kazi ya tezi hizi ni kulinda kiwango cha madini ya kalsiamu katika damu. Kalsiamu si ya mifupa na meno peke yake, kwani moyo, misuli na mishipa ya fahamu pia huyahitaji madini hayo kila dakika. Kiwango chake kikishuka, tezi hizi hutoa homoni inayokwenda kwenye mifupa, ambayo ndiyo ghala, na kuamuru kalsiamu itolewe. Aidha, homoni hiyo huziagiza figo zizuie kalsiamu isipotee kwenye mkojo, zitoe nje fosforasi iliyozidi, na zitengeneze vitamini D iliyo tayari kutumika ili utumbo uweze kufyonza kalsiamu ya chakula.

Figo zikichoka

Bila shaka msomaji umeshaona tatizo linapoanzia. Agizo linatumwa kwa figo, lakini figo haziwezi tena kulitekeleza. Fosforasi hurundikana katika damu, vitamini D haitengenezwi ipasavyo, na kalsiamu hushuka. Tezi nazo, zikiona kalsiamu imepungua, huongeza homoni. Hali hii ikiendelea kwa miaka, tezi hizo hutanuka na kufanya kazi kupita kiasi.

Ni sawa na baba aliyekosa kipato, akawa kila siku anang'oa bati moja la paa na kuliuza ili watoto wale. Leo wamekula, lakini masika yatawakuta hawana paa. Ndivyo damu inavyopata kalsiamu yake huku mifupa ikiisha.

Mashine ya kusafisha damu husaidia sana, lakini haimalizi tatizo hili. Wagonjwa wengi husafishwa damu mara tatu kwa wiki, ilhali wanakula kila siku, hivyo mashine haiwahi kuondoa fosforasi yote. Vilevile, mashine haitengenezi vitamini D.

Uvimbe wa kahawia

Pale mfupa unapomung'unywa kwa kasi, hubaki matundu. Ndani yake damu huvuja kidogo kidogo, na nyama ngumu yenye nyuzinyuzi hujaza nafasi hiyo. Chuma kilichomo kwenye damu iliyovuja huipa nyama hiyo rangi, ndiyo maana madaktari huuita uvimbe wa kahawia. Hutokea kwenye taya, mbavu, mfupa wa mtulinga, nyonga na paja, na mara chache kwenye uti wa mgongo, ambako unaweza kubana mishipa ya fahamu na kusababisha kupooza.

Uvimbe huu si saratani na hausambai kama saratani. Hata hivyo, katika picha ya eksirei matundu yake huweza kufanana na saratani iliyoingia kwenye mifupa. Hata kipande cha nyama kikipelekwa maabara, chembe kubwa zinazoonekana kwa darubini hufanana na za aina nyingine ya uvimbe wa mfupa. Kinachosaidia kutofautisha ni historia ya mgonjwa pamoja na kipimo cha damu cha homoni ya parathairoidi, ambacho kwenye fomu ya maabara huandikwa PTH. Hivyo basi, mgonjwa wa figo aliyevimba taya asikubali kupasuliwa taya kabla daktari hajajua kuwa ana maradhi ya figo na kabla kipimo hicho hakijafanyika.

Dalili za kuangalia

Mwanzoni mgonjwa anaweza asihisi chochote. Baadaye huja maumivu ya mifupa ya mgongo, nyonga na miguu, udhaifu wa mapaja unaomfanya ashindwe kuinuka kutoka kwenye mkeka au kwenye sijda, ngozi kuwasha, meno kulegea, uvimbe mgumu, na mifupa kuvunjika kirahisi. Mtoto mwenye maradhi haya hudumaa, na miguu yake inaweza kupinda.

Maumivu hayo ndiyo huwapeleka wengi kwenye duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Ndugu msomaji, dawa hizo huziumiza zaidi figo ambazo tayari ni dhaifu. Wengine hujinunulia vidonge vya kalsiamu wakiamini mifupa imepungukiwa. Hilo nalo ni hatari, kwani kalsiamu ikizidi hujipachika kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye moyo.

Tiba

Mwaka 1925, mjini Vienna, Austria, daktari wa upasuaji Felix Mandl alimtibu kondakta wa tramu aliyekuwa na maumivu makali ya mifupa. Kwanza alimpandikizia tezi za mtu mwingine akidhani zake hazitoshi, lakini hakupata nafuu. Ndipo alipoiondoa tezi moja iliyovimba shingoni, na mgonjwa akapata nafuu. Tatizo la kondakta huyo lilianzia kwenye tezi yenyewe na si kwenye figo, lakini lilionyesha kuwa mfupa wa mguu unaweza kutibiwa kwa kupasua shingo.

Siku hizi tiba ya mgonjwa wa figo huanza kwa kupunguza fosforasi. Daktari hutoa dawa zinazoinasa fosforasi tumboni, kama vile kalsiamu kaboneti au sevelameri. Dawa hizi humezwa pamoja na chakula, kwa sababu tumbo likiwa tupu hakuna cha kunasa. Hufuata vitamini D iliyo tayari kutumika, kama kalsitrioli au alfakalsidoli, na kwa wanaosafishwa damu ipo sinakalseti inayozituliza tezi. Zote hizi hutumika kwa kipimo cha daktari tu. Zikishindikana, tezi hupunguzwa kwa upasuaji, na mara nyingi uvimbe wa mifupa husinyaa wenyewe baada ya hapo. Katika siku za mwanzo baada ya upasuaji mifupa hufyonza kalsiamu kwa pupa, hivyo ganzi kuzunguka mdomo au misuli kukaza iripotiwe haraka.

Jikoni na mwezi wa Ramadhani

Mama wa nyumbani ana nafasi kubwa hapa. Soda nyeusi za kola, soseji na nyama za viwandani zina fosforasi ya kuongezwa ambayo mwili huifyonza karibu yote. Maziwa, jibini na dagaa wanaoliwa na mifupa yao pia wana fosforasi nyingi. Nyama ikichemshwa na maji yake kumwagwa, fosforasi hupungua. Hata hivyo, usimnyime mgonjwa nyama, samaki na mayai kabisa, hasa yule anayesafishwa damu, kwani anahitaji protini. Ulizeni kiasi kinachomfaa.

Kuhusu funga, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na asione haya kuitumia. Daktari akimruhusu kufunga, basi dawa za kunasa fosforasi zihamie kwenye futari, chakula cha usiku na daku, zisiachwe.

Usisubiri uvimbe

Vipimo vya kalsiamu, fosforasi na PTH vinapaswa kuanza mapema, pale uwezo wa figo unaposhuka chini ya 60, yaani hatua ya tatu kati ya tano za maradhi haya. Kama nyumbani kwako kuna mwenye figo dhaifu, safari ijayo ya kliniki muulizeni daktari namba hizo tatu, na muziandike kwenye daftari ili safari itakayofuata mzilinganishe.