Cheti cha Mahindi na Maabara Iliyokitoa

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti. Mojawapo lilitaka kila shehena iandamane na cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini iliyomo haifikii sehemu 10 katika bilioni, yaani mikrogramu 10 katika kila kilo ya nafaka. Hivyo biashara ya mahindi ya nchi tatu ikategemea namba moja iliyopigwa chapa kwenye karatasi. Makala haya yanaihusu namba hiyo: yatoka wapi, na kwa nini mtu aiamini.

Aflatoksini ni sumu inayotolewa na ukungu, hasa ule uitwao Aspergillus flavus, ambao huota katika mahindi na karanga zilizokumbwa na ukame shambani au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Wanasayansi waliigundua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Kwetu haikuishia kwa ndege. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 balaa kama hilo lilizuka Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Wapo pia wale wasiohesabiwa katika matukio ya namna hii, ambao hula kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi ini likashikwa na saratani.

Maabara ikisema shehena ni salama kumbe sivyo, sumu yaingia katika ugali wa watoto. Ikisema ina sumu kumbe haina, jasho la mkulima la mwaka mzima lateketezwa kwa moto. Na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha vyeti hivyo viwili na cheti cha kweli.

Punje moja katika kilo tano

Kosa kubwa kuliko yote hutendeka kabla sampuli haijafika maabara. Ukungu hauenei sawasawa. Huweza kushika punje chache tu na kuziacha maelfu zikiwa safi. Wachunguzi wamewahi kukuta punje ya mahindi yenye zaidi ya sehemu 400,000 katika bilioni. Punje ina uzito wa gramu 0.3 hivi, kwa hiyo punje kama hiyo imebeba mikrogramu 120 za aflatoksini. Ikiingia katika sampuli ya kilo 5 ambayo vinginevyo haina sumu kabisa, sampuli nzima itasomeka sehemu 24 katika bilioni, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Ikibaki ndani ya gunia, sampuli itasomeka sifuri. Mashine iliyotoa majibu hayo mawili ni ile ile, na haikukosea.

Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2006 zilitaka shehena kubwa ya nafaka ichotwe mara 100 kutoka sehemu mbalimbali, hadi ipatikane sampuli ya kilo 10. Mtu achomaye bambo katika magunia matatu yaliyo karibu na mlango wa lori hajapima shehena. Amepima magunia matatu. Baada ya hapo sampuli yote yapasa kusagwa na kuchanganywa vizuri kabla ya kuchukuliwa gramu chache za kupimwa. Kuchota kwanza na kusaga baadaye ni kuirudisha bahati nasibu ile ile kwa mlango wa nyuma.

Maabara nyingi hujikinga kwa kuandika kwamba majibu yanahusu sampuli kama ilivyopokelewa. Maneno hayo ni halali, na hapana budi yaandikwe pale ambapo mteja ndiye aliyeleta sampuli. Lakini anayesoma cheti mpakani husoma namba, wala hasomi maandishi madogo ya chini. Kwa maoni yangu, maabara inayotoa vyeti vya shehena yapaswa kutuma watu wake wenyewe ghalani. Kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ISO/IEC 17025, katika toleo lake la mwaka 2017, kinaweka uchukuaji wa sampuli pamoja na upimaji miongoni mwa kazi za maabara.

Unga usiokuwa wa mteja

Tuingie sasa ndani. Mafundi hupima mizani, hukagua pipeti na kuandika joto la jokofu kila asubuhi. Hayo yote ni ya lazima, na hayahitaji maelezo marefu. Ulinzi ulio mkuu ni wa namna nyingine. Katika kila kundi la sampuli za wateja huwekwa sampuli moja ya unga ambao kiasi cha sumu yake kinajulikana. Unga huo hupitia hatua zote: hupimwa uzito, hulowekwa katika kiyeyushi, huchujwa na kusomwa. Jibu lake huchorwa kama nukta kwenye chati.

Chati ya namna hiyo ilibuniwa mwaka 1924 na Walter Shewhart, Mmarekani aliyeshughulikia utengenezaji wa vifaa vya simu, na mwaka 1950 Levey na Jennings wakaipeleka katika maabara za hospitali. Tuseme wastani wa unga wetu ni 10, na kipimo cha mtawanyiko wake ni 1. Nukta 95 hivi katika kila 100 zitaangukia kati ya 8 na 12. Nukta inayovuka 7 au 13 hutokea kwa bahati mara 3 hivi tu katika 1,000. Ikitokea, majibu yote ya wateja ya siku hiyo huzuiwa mpaka chanzo kijulikane.

Chati husema mengi hata pasipo mstari kuvukwa. Nukta nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa wastani, kuna jambo. Huenda chupa ya myeyusho wa kulinganishia haikufungwa vizuri na kiyeyushi kikavukiza: myeyusho umekuwa mzito kuliko maandishi ya chupa, na sampuli zote zasomeka chini ya ukweli wake. Au chupa imeachwa kwenye mwanga, ambao huiharibu aflatoksini, na sampuli zasomeka juu. Katika hali ya kwanza, mahindi yenye sehemu 12 hupewa cheti cha 9.

Hapa ndipo mtu hujaribiwa. Lori limesimama Namanga, mwenye mali apiga simu kila saa, na nukta ya leo imeanguka nje ya mstari. Njia nyepesi ni kupima tena unga ule hadi upatikane mfano mmoja unaokaa ndani, kisha kuifuta nukta ya kwanza. Fundi afanyaye hivyo mara nyingi si mwizi. Amechoka, na mkuu wake amemwuliza kwa nini kazi imechelewa. Kwa hiyo utaratibu mzuri humpa msimamizi wa ubora uwezo wa kuzuia cheti bila kumwomba ruhusa mkuu wa biashara, na humtaka kila mtu aandike kwa wino, akikosea apige mstari mmoja na kutia sahihi.

Mara kadhaa kwa mwaka maabara hupokea pia sampuli kutoka nje, ambazo haijui kiasi chake, na majibu yake hulinganishwa na ya maabara nyingine. Zipo zinazompa kazi hiyo fundi hodari kuliko wote na kumwacha airudie mara tatu. Hizo hupata alama nzuri, nazo hazijajifunza lolote juu ya Jumatatu ya kawaida.

Hata hivyo, maabara mbili zenye uaminifu hazitapata namba moja. William Horwitz, aliyekusanya majaribio mengi ya ushirikiano wa maabara, alionyesha mwaka 1980 kwamba kadiri kitu kinavyokuwa haba ndivyo majibu yanavyotawanyika. Kwa sehemu 10 katika bilioni kanuni yake hutabiri mtawanyiko wa asilimia 32 baina ya maabara. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa viwango vidogo hivyo maabara sasa hufanya vizuri zaidi, yapata asilimia 22. Basi 9 ya Arusha na 11 ya Nairobi huenda ni jibu moja. Cheti cha haki huandika kiasi cha mashaka kando ya namba, na nchi jirani zapaswa kukubaliana mapema jinsi ya kuamua jibu linapokaa juu ya mpaka wenyewe.

Unga wa kulinganishia uliothibitishwa huagizwa ng'ambo kwa bei kubwa. Lakini wa matumizi ya kila siku waweza kutengenezwa hapa hapa. Mahindi yaliyokataliwa kwa sumu husagwa laini, huchanganywa na mahindi safi mpaka kiasi kikaribie 10, hugawanywa katika vifuko vidogo na kuwekwa katika jokofu la kugandisha. Vifuko 20 hupimwa kwa siku mbalimbali ili kupata wastani na mtawanyiko, na mara chache unga ule wa ng'ambo hutumika kuukagua. Anayesaga avae barakoa na glavu, na vyombo vilowekwe katika dawa ya klorini kabla ya kuoshwa.