Mara Jazz Hawakupiga Jazz? Tuelewane Wadau

Juzi hapa Nyakunguru nilimsikilizisha dogo mmoja wimbo wa Mara Jazz, ile bendi ya Musoma, wana Sensera. Akasikiliza weee, halafu akasema: "Bro, hii siyo jazz. Wazee walitupiga changa la macho."

Iliniuma, maana bendi yenyewe ni ya mkoa wetu. Lakini nikasema nisigombane, nimjibu kwa hoja.

Kwanza, dogo yuko sahihi nusu. Jazz ni muziki wa Wamarekani Weusi, ulianzia New Orleans. Mara Jazz walipiga dansi la rumba, ambayo asili yake ni Cuba, ikatufikia kwa santuri na kupitia Kongo.

Sasa kwa nini "Jazz"? Enzi zile neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa: magitaa, saksafoni, tumba, watu ukumbini wanacheza. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932. Zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz. Hata ya kina Franco kule Kongo, mwaka 1956, iliitwa OK Jazz.

Ukitaka kujua bendi inapiga nini, ulikuwa huangalii jina, unauliza mtindo. Western Jazz ni Saboso, Tabora Jazz ni Segere Matata, NUTA Jazz ni Msondo. Na cheki hii: NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Neno Jazz lilidondoka, mtindo ukabaki!

Wazungu je? Dire Straits wa Uingereza walipiga rock laini yenye bluzi ndani yake. Wimbo wao Sultans of Swing, wa 1978, unahusu bendi ya jazz inayopiga kwenye baa London, watu wachache, na vijana waliokuwepo hawana habari nayo. Hao waliimba juu ya jazz bila kujiita Jazz. Wazee wetu walijiita Jazz wakapiga rumba. Nani kadanganya hapo? Hakuna.

Kwa hiyo dogo, usiwe kama wale vijana wa kwenye baa. Rudia wimbo, safari hii sahau jina, fuata gitaa la solo mpaka kwenye chemko. Halafu muulize babu alikuwa akicheza vipi Sensera. Akikuonyesha, njoo utusimulie hapa.