Ulezi, dona na utumbo unaozeeka

Mashineni, mwenye debe la mahindi huulizwa swali moja kabla ya kupanga foleni: yakobolewe, au yasagwe hivyo hivyo yawe dona? Akisema yakobolewe, ganda na kiini hutengwa na kuwa pumba, na kilichobaki husagwa kuwa sembe nyeupe laini. Pumba hazitupwi. Katika wilaya ya Momba, kama ilivyo Mbozi, wafugaji wa nguruwe na kuku huzigombania. Kwa hiyo nguruwe anapata nyuzinyuzi, mafuta ya kiini, folati na sehemu kubwa ya madini, na mwenye mahindi anarudi nyumbani na wanga.

Ndalambo ni kata ya wakulima katika wilaya hiyo ya Momba, mkoa wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hulimwa mahindi, maharage, karanga, na ulezi ambao Wanyamwanga wameula na kuupikia pombe tangu zamani. Mji wa Tunduma nao, ukiwa mpakani na Zambia, hupokea mazao ya vijijini na kurudisha sembe ya pakiti, biskuti, soda na mafuta ya kukaangia. Nina neno moja la kusema juu ya biashara hiyo: chakula kinachotoka Ndalambo ni bora kwa utumbo wa binadamu kuliko kile kinachorudi, na ubora huo unafika hadi kwenye namna jeni zetu zinavyofanya kazi kadiri umri unavyosonga.

Hapo ndipo penye somo la epijenetiki. Kila seli ya mwili wako ina DNA ile ile, iwe ya jicho, ya ini au ya utumbo mpana. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimenyamazishwa. Kazi hiyo hufanywa na alama za kikemikali. Moja ni methili, kipande kidogo sana kinachobandikwa juu ya DNA. Kikibandikwa kwa wingi mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. Nyingine hukaa kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA imezungushiwa. Zikikaza, jeni hazisomeki, zikilegea, zinasomeka. Herufi za urithi hazibadiliki. Kinachobadilika ni usomaji wake.

Utumbo ni mahali pa pekee kwa jambo hili, kwa sababu ngozi yake ya ndani hujitengeneza upya kila baada ya siku nne au tano hivi. Seli mpya hutoka kwa seli shina zilizo chini kabisa ya vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo utumbo mpana una mamilioni yake. Baada ya muda, seli zote za kishimo kimoja huwa ni uzao wa seli shina moja. Hiyo ina maana kwamba alama mbaya ikibandikwa kwenye seli shina hiyo, kishimo kizima hurithi.

Mwaka 1994 Jean-Pierre Issa na wenzake huko Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba jeni ya kipokezi cha homoni ya estrojeni hukusanya methili katika utumbo mpana wa watu wazima wasio na ugonjwa wowote, na kwamba mkusanyiko huo huongezeka na umri. Katika uvimbe wa saratani jeni hiyo hiyo ilikuwa imenyamazishwa kabisa. Kwa maneno mengine, uzee wa kawaida ulikuwa umeanza safari ambayo saratani iliikamilisha.

Sababu mojawapo ilibainishwa mwaka 2025 na kundi la watafiti wa Jena, Ujerumani, na Turin, Italia, likiongozwa na Francesco Neri. Mwilini kuna vimeng'enya viitwavyo TET ambavyo kazi yake ni kuanzisha uondoaji wa methili zilizozidi. Vimeng'enya hivyo haviwezi kufanya kazi bila madini ya chuma. Watafiti hao waligundua kwamba seli za utumbo unaozeeka huingiza chuma kidogo na kutoa kingi, hivyo TET hudhoofika na methili hurundikana. Kinachovuruga mambo ni inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka polepole kwa muda mrefu pasipo adui, pamoja na kufifia kwa ishara ziitwazo Wnt zinazoamsha seli shina. Haya hayatokei utumbo mzima kwa pamoja. Vishimo vilivyozeeka hukaa katikati ya vilivyo salama, kama madoa ya kiduha kwenye shamba la mahindi lililostawi, na madoa hayo hupanuka mwaka hadi mwaka. Lililonipa moyo ni hili: walipootesha vipande vya utumbo maabara na kurudisha chuma ndani ya seli au kuamsha zile ishara, sehemu ya alama hizo ilirudi nyuma.

Chakula kinaingilia wapi? Tuanze na nyuzinyuzi. Mtu hawezi kuzimeng'enya, lakini bakteria wa utumbo mpana wanaweza, na wanapozichachua hutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti. Butireti ndiyo nishati kuu ya seli za utumbo mpana. Tena inajulikana tangu miaka ya 1970 kwamba huzuia vimeng'enya vinavyokaza histoni, na hivyo kuziacha jeni za ulinzi zisomeke. Kitu hicho cha thamani hakihitaji kununuliwa dukani. Hutengenezwa tumboni kutokana na maharage, dona, ulezi, mboga za majani, viazi.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walichapisha jaribio rahisi na kali. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Waafrika Kusini walipewa soseji, hamburger na chipsi. Wamarekani walipewa vyakula vya mahindi, maharage, matunda. Nyuzinyuzi kwa Wamarekani zilipanda kutoka takriban gramu 14 kwa siku hadi 55, na utengenezaji wa butireti ukaongezeka mara mbili na nusu. Kwa Waafrika Kusini butireti ilipungua nusu, na dalili za inflamesheni kwenye ngozi ya utumbo zikapanda. Wiki mbili tu.

Hapa kwetu, Godfrey Temba wa KCMC mjini Moshi na wenzake, wakishirikiana na Quirijn de Mast wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 jaribio la vijana wa kiume 77 wenye afya njema wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakila vyakula vya asili walihamishiwa vya kisasa vilivyosindikwa, na wa upande wa pili wakafanyiwa kinyume chake. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia vyakula vya kisasa walipata dalili za inflamesheni kwenye damu, na seli zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vimelea. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, na wale wa mbege, walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Utafiti huu haukupima methili za utumbo. Ulipima kinga na damu. Ninauleta hapa kwa sababu inflamesheni ni mojawapo ya mambo yanayovuruga chuma katika utumbo unaozeeka.

Mbege hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi. Msomaji wa Ndalambo atakumbuka mara moja kimpumu, ile pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija hadi machicha yakose ladha. Naomba asifike mbali sana. Kinachostahili sifa ni ulezi uliooteshwa na kuchachuka, kwani kuotesha na kuchachusha hupunguza faiteti zinazozuia chuma kufyonzwa. Kileo chenyewe ni chanzo kinachojulikana cha saratani, ikiwemo ya utumbo mpana. Togwa inatoa faida hiyo bila hasara hiyo, na ningetamani tuipike zaidi.

Kuna anayeweza kusema: basi ninunue vidonge vya chuma na folati. Folati ni mojawapo ya malighafi ambazo mwili hutengenezea methili, na mjamzito anaihitaji kwa lazima, jambo ambalo ndilo msingi wa kurutubisha unga wa viwandani. Lakini jaribio la Amerika Kaskazini lililochapishwa mwaka 2007, likiwa na watu zaidi ya 1,000 waliowahi kutolewa vinyama vya utumbo, yaani vivimbe vidogo vinavyoweza kugeuka saratani, lilionyesha kwamba miligramu 1 ya asidi ya foliki kila siku haikuzuia vinyama vipya. Nacho chuma cha vidonge hakifikii tatizo lililoelezwa hapo juu, kwa kuwa upungufu uko ndani ya seli ambazo zimeshindwa kukishika. Asiyepimwa na kukutwa na upungufu wa damu asivimeze kwa ajili hiyo. Nyama choma ya kila siku nayo si jibu: chuma cha nyama nyekundu kikizidi hukwaruza utumbo, na mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Kwa wazee nina wasiwasi wa pekee. Meno yakipungua, babu na bibi huhamia kwenye vyakula laini: sembe, wali mweupe, chai na mkate. Utumbo wao, ambao ndio wenye madoa mengi zaidi, ndio unaokosa nyuzinyuzi kwanza. Hakuna sababu ya kuwafikisha huko. Uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga hauhitaji meno, na ulezi una kalisi zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakaribii. Maharage yakiiva vizuri hupondwa. Majani ya maboga na mlenda hulainika yenyewe. Tone la ndimu juu ya mboga husaidia chuma kufyonzwa, na chai ya rangi ingoje saa moja baada ya mlo, maana inakizuia.

Chakula huenda kikapunguza kasi ya alama hizi. Hakioni uvimbe uliokwisha kuota. Aliyepita miaka 45 akiona damu kwenye choo, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au akikonda na kuishiwa damu pasipo sababu, asijitibu bawasiri kwa dawa za mtaani. Aende zahanati au kituo cha afya na kuomba rufaa ya kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera. Kinyama kinachoonekana mapema hukatwa siku hiyo hiyo, kabla hakijawa saratani.