Nani Alilipia Kuba?

Mto Mwachema unapoingia baharini, Diani, kuna msikiti mdogo wa mawe katikati ya mibuyu. Ni Msikiti wa Kongo. Wanahistoria huuweka karne ya 14 au ya 15, na hadi leo watu wanaswali humo. Wageni wengi wakifika husema, kumbe ni mdogo hivi! Mimi kila nikisimama pale hujiuliza wajenzi wake waliupata vipi.

Tuanze na chokaa, kwa kuwa ndiyo iliyokula jasho. Saruji haikuwapo. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha moto. Jiwe likiiva halishikiki tena, linavunjika likawa unga. Unga huo ukaachwa miezi, mvua iunyeshee, mpaka ukali uishe. Mawe ya kuchonga mihrabu yalikatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa upesi, maana tumbawe likikauka linakataa patasi. Paa nalo lina hesabu yake. Boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya kale vya Waswahili ni vyembamba. Kongo waliezeka kwa tao la mawe, kazi inayotaka kiunzi cha mbao kwanza, chokaa tele na fundi mwenye mkono wa hakika. Kila hatua ni mtu aliyeacha shamba lake au mtego wake wa samaki, na mtu huyo alikula chakula cha wenziwe.

Sasa tazama Kilwa. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua Msikiti Mkuu, akauongezea matao na makuba. Aliyelipa ni dhahabu ya Sofala, iliyopita mikononi mwa Kilwa kwenda ng'ambo. Lakini kwa nini aitumbukize mali kiasi hicho katika msikiti? Ukoo wake, Mahdali, ulikuwa mgeni katika kiti, umekishika mwishoni mwa karne ya 13 baada ya Washirazi. Mtawala wa namna hiyo anahitaji kuaminiwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamweleza kuwa mkarimu mno, akiwatengea masharifu fungu lao, nao wakimjia kutoka Iraki na Hijazi. Sharifu akishaswali chini ya kuba lako, akirudi kwao atakutaja. Ni hivyo hivyo Konstantinopoli: mwaka 532 ghasia zilikaribia kumng'oa Kaisari Justinian, na mwaka huohuo akaanza kujenga Hagia Sophia, akaimaliza mwaka 537. Kwa maoni yangu majengo makubwa ya ibada husimulia hofu ya mwenye kiti sawasawa na imani yake, bila ya moja kuifuta nyingine.

Gharama haiishi siku ya kufungua mlango. Paa la Kilwa liliporomoka, likajengwa upya karne ya 15. Biashara ilipohama, mji ukapungukiwa na watu na fedha za kulitunza, na leo tunaingia pale kama watalii. Kongo hapakuwa na sultani wa dhahabu. Ukuta wake ni wa kimo ambacho wanakijiji wachache wenye ngazi na ndoo ya chokaa wanaweza kukifikia.

Kuna hesabu moja zaidi, nayo hunigusa kuliko zote. Kusini kidogo ya Diani upo msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Ni mahali patakatifu pa Wadigo, pasipo ukuta wala kuba. Unaingia umejifunga kaniki, na hung'oi hata jani. Wazee walilipa kwa kujizuia: kila gogo ambalo lingeingia tanuuni limebaki limesimama. Pwani moja, watu wamoja, na Wadigo wengi leo ni Waislamu. Babu aliyekuonya usivunje tawi kule kaya ndiye huyohuyo utakayemkuta Ijumaa anatia udhu Kongo, viatu vyake chini ya mbuyu.